BWANA SHAMBA NA WEWE: Pima mwendo wa barabara ya sokoni

Ndugu mkulima, umechuma nyanya alfajiri. Umezipanga vizuri kwenye matenga. Umekodi gari. Gari linafika mjini, halafu linasimama. Mbele kuna lori linapakia. Kando kuna bodaboda na mikokoteni. Jua linapanda. Nyanya za chini zinaanza kutoa maji. Mnunuzi anazibonyeza, anashusha bei.

Katika mji mdogo kama Ilula, mkoani Iringa, kuchelewa namna hii ni hasara kubwa, maana huko nyanya ni pesa.

Watu husema, "Barabara imejaa." Je, imejaa kiasi gani? Saa ngapi? Hapo kalamu na daftari lako vina kazi.

Chagueni kipande cha barabara kinachoingia sokoni. Kipimeni kwa kamba ya mita 20. Kamba ikilala mara 20, ni mita 400. Pimeni mapema, magari yakiwa machache, mkipita kando.

Mtu mmoja akae mwanzo, mwingine mwisho. Saa zao zilingane. Saa ya simu yafaa. Gari likipita, kila mmoja aandike namba ya gari na saa. Baadaye linganisheni. Tuseme gari lilipita mwanzo saa 2:10, likafika mwisho saa 2:18. Limetumia dakika 8. Mtu wa miguu hutumia kama dakika 5 kwa mita 400. Basi gari limeshindwa na mtu wa miguu! Lakini msitosheke na gari moja. Huenda dereva alisimama kunywa chai. Pimeni magari 20 au zaidi.

Mtu wa tatu ahesabu wanaopita kila robo saa. Achore kijistari kimoja kwa kila apitaye, na cha tano kikate vile vinne. Magari yawe na mahali pake, bodaboda pake, baiskeli pake, mikokoteni pake, na watu wa miguu pao. Wako wanaohesabu magari tu. Mimi sikubali. Mama aliyejitwika ndoo ya nyanya naye anatumia barabara, na akigongwa ndiye anayeumia.

Andikeni pia magari yanakwama wapi, na kwa nini. Pengine barabara si nyembamba, ila lori moja linapakia katikati. Kulihamisha lori ni rahisi kuliko kupanua barabara.

Rudieni kazi hiyo siku isiyo ya soko, saa zile zile. Kama siku hiyo gari linatumia dakika 1, basi dakika 7 zimeliwa na msongamano.

Nakilini karatasi mbili, zenye jina la barabara, tarehe na saa. Moja mpeni Mtendaji wa Kata, nyingine mbaki nayo. Mwulizeni barabara hiyo ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017.