Katwe ianze na majaruba, si kiwanda kingine

Sehemu kubwa ya chumvi inayouzwa kwa jumla Kikuubo, Kampala, imetoka pwani ya Kenya na kuingia Uganda kupitia Busia au Malaba. Mfanyabiashara wa Butembo anayeinunua hapo huipeleka magharibi hadi mpaka wa Mpondwe, na njiani anapita karibu na ziwa ambalo watu wa Kongo walilifuata kwa chumvi kabla mipaka haijachorwa. Ni Katwe ya Kasese, si ile ya Kampala ya mafundi vyuma.

Kampala ikiulizwa kwa nini chumvi ya mbali inaishinda ya jirani, hujibu kwamba Katwe haina mashine. Ilikuwa nazo. Kiwanda kilichoanzishwa huko miaka ya 1970 kilifanya kazi muda mfupi tu, mabomba yakaliwa na maji ya ziwa lenyewe. Gofu lake bado limesimama.

Tofauti iko katika namna jua linavyotumiwa. Magarini, kaunti ya Kilifi, maji ya bahari huhamishwa bwawa hadi bwawa. Jua likiyapunguza kiasi, chokaa na jasi hutangulia kuganda, zikaachwa nyuma. Maji yaliyokolea huingia bwawa la mwisho, chumvi ikaganda, na mabaki machungu humwagwa kabla hayajaiharibu.

Maji ya Katwe yana magadi na salfeti nyingi, lakini jaruba moja hufanya kazi yote. Fuwele huganda zimechanganyika, ndiyo maana chumvi nyingine hufaa kupikia na nyingine huishia kulambwa na ng'ombe. Mvua ikiwahi kabla ya kukwangua, jasho la siku nyingi linayeyuka.

Basi fedha zianze na majaruba ya hatua kwa hatua, mifuniko ya mvua na maabara ndogo ya kupima maji. Ni kweli, kutenganisha chumvi ya Katwe ni kugumu kuliko ya bahari, na itabidi ioshwe pia. Tena kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 35, kinataka chumvi ya chakula itiwe madini joto. Hiyo ni kazi ya kinyunyizio na mizani, haihitaji kiwanda cha mabilioni. Gunia la Katwe likiwa na kipimo hicho ubavuni, mnunuzi wa Butembo hana sababu ya kufuata chumvi Kikuubo.