Ugali Haukuwa na Kosa

Kwa muda mrefu kitu nilichokiogopa kuliko mwizi wa usiku kilikuwa mizani. Hofu hiyo ilianza Januari 2023, nilipokwenda kupimwa katika zahanati moja hapa Eldoret baada ya kusumbuliwa na kiu na uchovu usiokwisha. Muuguzi alinipandisha kwenye mizani: kilo 92. Kimo changu ni mita 1.62. Ukichukua uzani huo na kuugawanya kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo, unapata 35, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 25 mtu ana uzani uliozidi, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. Kisha tabibu akasoma matokeo ya damu, akavua miwani na kuniambia: "Mama, sukari yako imefika mpakani. Hujavuka bado, lakini ng'ambo unaiona."

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana marehemu mama yangu aliuvuka mpaka huo. Tulimzika akiwa na mguu mmoja.

Nilirejea nyumbani Kapsoya na azimio. Siku hiyo hiyo nikaupiga ugali marufuku. Nanyi mnajua kwamba katika mji huu kuukataa ugali ni kama kukataa salamu. Mzee wangu aliniuliza kama nimeingia dhehebu jipya. Sikumjibu. Wiki moja baadaye nilikuwa nimepungua kilo tatu, nikatembea kwa madaha kama bibi harusi.

Laiti ningalijua! Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Nilichokuwa nikishangilia kilikuwa maji, si mafuta. Mwezi wa pili nilikuwa nikiota ugali. Usiku mmoja, saa sita, nilisimama jikoni gizani nikala kiporo chote kwa mursik, bila hata kuketi. Zile kilo tatu zikarudi, zikaja na jamaa zao.

Baada ya hapo sikutulia. Nilikunywa maji moto na ndimu hadi meno yakauma. Nilinunua chai ya kukata tumbo iliyouzwa kwa sifa tele, na kazi yake ilikuwa kunipeleka msalani tu. Nilikula nyama na mayai matupu majuma matatu, nikakoma mfuko ulipolia. Nikajaribu kushinda na njaa hadi jioni, kisha jioni nikila kama mtu aliyetoka jela. Mwaka ulipokwisha nilipanda mizani tena: kilo 94.

Hata hivyo, kilichonizindua si mizani. Ni binti yangu, kifungua mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Mwalimu wake alinipigia simu kuwa amepatwa na kizunguzungu uwanjani wakati wa michezo. Nilipomuuliza alikula nini asubuhi, alinyamaza. Jioni nikafungua mkoba wake nikitafuta barua ya shule, nikakuta daftari la hesabu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali lenye safu mbili. Moja iliandikwa "Mama", ya pili "Mimi". Kila Jumamosi alikuwa akijipima baada yangu na kuandika kilo zetu zote mbili. Zangu zilikuwa zikipanda na kushuka. Zake zilikuwa zikishuka tu.

Nilimwita nikamwambia mtoto wa umri wake anapaswa kula. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo: "Lakini Mama, hata wewe huli."

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilidhani napigana vita vyangu peke yangu, kumbe nilikuwa nikifundisha darasa kila siku mezani.

Wiki hiyo nilimpeleka kwa tabibu, naye akamfuatilia kwa miezi kadhaa. Mimi nami nikaenda kwa mtaalamu wa lishe. Mama yule hakunipa orodha ya vyakula vya kuacha. Aliniambia niandike kila kinachopita kinywani mwangu kwa siku saba, bila kujidanganya. Tuliposoma pamoja, niliona haya. Nilikuwa nikinywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 15, na bado soda ya mchana ilikuwa haijahesabiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite vijiko 12 hivi vya chai kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana sita. Juu ya hayo kulikuwa na mandazi ya ofisini, chipsi za kila Ijumaa, na bodaboda ya kunipeleka dukani, mahali ninapoweza kumwita mwenye duka nikiwa mlangoni kwangu.

Nikamuuliza, "Na ugali je?" Akacheka. Akaniambia niwatazame wakimbiaji wetu wanaopita barabarani alfajiri, wembamba kama mianzi. Mwaka 2004 mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi mahiri wa Kikalenjin. Zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyopata kutoka kwenye chakula ilitokana na wanga, ugali ukiwa katika mstari wa mbele, na sukari ya chai nayo haikuwa mbali. Lakini wenzetu hao hukimbia asubuhi na kurudia jioni. Mimi nilikuwa nakula kama mkimbiaji na kuketi kama mfalme.

Akanieleza pia habari iliyonipa moyo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani kama mimi. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia saba tu ya uzani, na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa kasi. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini ilipungua kwa asilimia 31. Asilimia saba ya kilo 94 ni kilo sita na nusu hivi. Hiyo si safari ya mbinguni.

Basi tulianza upya, sote nyumbani, si mimi peke yangu. Nusu ya sahani ni mboga: managu, saga, kunde au sukuma wiki. Robo ni maharagwe, samaki au nyama. Robo iliyobaki ni ugali, na siku nyingine tunausonga kwa wimbi. Chai ina kijiko kimoja. Soda ni ya sherehe. Kazini naenda kwa miguu, kutoka Kapsoya hadi katikati ya mji, siku tano kwa wiki. Mwanzoni nilikuwa nikitweta kiasi kwamba bibi mmoja muuza ndizi alinipa pole kila asubuhi. Siku hizi ananiuliza nakimbilia wapi.

Mizani tuliiondoa chumbani. Napimwa mara moja kwa mwezi kliniki, na neno "mnene" halitamkwi tena kwetu, si kwa mzaha wala kwa hasira. Imenichukua mwaka na nusu kufika kilo 81. Kwa hesabu ya madaktari bado nimezidi, nami sioni aibu kuliandika hilo. Ila sukari imerudi upande salama wa mpaka.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kupungua, pungua. Afya inadai hivyo. Lakini kabla ya kuianza dawa ya jirani au njaa ya mwezi mmoja, tazama ni nani anayekutazama mezani. Na mwanao akianza kusogeza sahani kando siku baada ya siku, usiseme ni maringo ya ujana. Mpeleke kwa tabibu.

Juzi binti yangu ndiye aliyesonga ugali. Ulikuwa na madonge kidogo. Alinipakulia, akajipakulia, kisha akangoja nianze. Nikamega tonge la kwanza, naye akamega la pili.