Nasaba za Ujiji na Karatasi za Wageni

Mtu wa Ujiji atakaye kuijua nasaba yake, hasa akiwa wa kizazi cha Wamanyema waliovushwa Ziwa Tanganyika zama za misafara ya biashara, baadhi kwa hiari na baadhi kwa minyororo, hana budi kufahamu kwamba karatasi nyingi ziliandikwa na wageni, ambao walihifadhi majina ya matajiri kuliko ya wapagazi na watumwa. Hata hivyo zisidharauliwe. Shajara ya mwaka 1871 ya msafiri David Livingstone, aliyoiandika Nyangwe katika nchi ya Manyema juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mimea hata maandishi yakafifia, ilisomeka tena kwa picha za mianga mbalimbali, na tangu 2011 imo katika intaneti bila ya malipo, pamoja na habari za watu waliouawa sokoni hapo Nyangwe.

Lakini aanze kwa wazee (na afanye haraka!), awaulize kijiji cha asili ng'ambo ya ziwa na majina ya zamani, kwani asiyejua jina atafutalo jalada halimfai kitu.

Majalada yenyewe yako Dar es Salaam na Zanzibar, na barua za baadhi ya wamisionari ziko Roma. Nami naona ni haki nakala za majalada na barua hizo ziwekwe katika makumbusho ya Ujiji, kwa gharama ya Serikali.