Pasiwaya Si Jina la Kila Kitu

Neno "simu" tulilipata kutoka Kiajemi, ambako "sim" ni uzi wa fedha au waya. Waliotutangulia walilitumia kwa telegrafu, kisha kwa simu ya mezani, na leo twalitumia kwa chombo kikaacho mfukoni bila kushikwa na waya wowote. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa neno lilikwisha kuachana na waya likashikamana na kazi, yaani kufikisha sauti mbali. Nimeanza na neno hilo kwa sababu upo waya mwingine, mdogo zaidi, ambao tumeanza kuuita kwa jina lisiloufaa.

Kuna spika za masikioni zilizobuniwa kwa ajili ya waimbaji wa jukwaani. Huziba tundu la sikio, huzuia kelele za nje, na waya wake huchomoka. Siku hizi zinauzwa nyaya fupi za Bluetooth za kuzigeuza spika hizo. Unachomoa waya wa zamani na kuchomeka huu mpya, wenye betri, kipokezi na kikuza sauti ndani yake, nazo spika zile zile huanza kupokea sauti kutoka kwenye simu iliyo mbali kidogo. Mnunuzi aangalie tundu kwanza, maana lile la pini mbili za milimita 0.78 halikubali kichwa cha duara cha aina ya MMCX. Kwa ufundi huu spika nzuri haitupwi kwa sababu tu simu mpya haina tundu la kuchomekea, kama zilivyo nyingi tangu Apple ilipoliondoa tundu hilo kwenye iPhone mwaka 2016. Hilo nalisifu.

Nisilolisifu ni jina. Mtaani huambiwa spika hizo sasa "hazina waya", na wenye Kiswahili cha vitabuni husema ni "pasiwaya". Neno pasiwaya halina kosa la sarufi. Tatizo ni kwamba linataja kinachokosekana, na hapa hata hicho hakikosekani. Waya upo, umepita nyuma ya shingo na kuliunga sikio la kulia na la kushoto. Kilichoondoka ni kipande cha kutoka shingoni hadi kwenye simu, nacho kilikuwa na kazi zake, ambazo jina hili linatusahaulisha kwa kutufanya tudhani kwamba tumetuliwa mzigo tu.

Tuipime hoja hii Engaresero, kijiji cha Wilaya ya Ngorongoro kilicho karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Lugha ya nyumbani huko ni Kimaasai. Jina la kijiji lenyewe limebeba neno la maji katika lugha hiyo. Kwa mtu wa nyumba kama hiyo Kiswahili ni lugha ya pili, na sehemu kubwa ya lugha ya pili huingia kwa sikio: darasani, mnadani na redioni. Sasa, simu nyingi zenye redio ya FM huufanya waya wa spika za masikioni kuwa antena. Ukiuchomoa, redio hunyamaza, na kioo cha simu hukuagiza uchomeke spika kwanza.

Basi kijana wa huko akizigeuza spika zake kuwa za Bluetooth, atasikiliza nyimbo alizohifadhi bila waya kunasa kwenye shanga wala kwenye miiba ya migunga. Lakini pia atakuwa amejifungia redio: taarifa ya habari, mazungumzo, na mashairi yanayoghanwa hewani, vitu alivyovipata bila kununua bando. Tena waya wa zamani haukuhitaji kuchajiwa, ilhali huu mpya una betri, na anayeshinda malishoni hana mahali pa kuichaji. Muuzaji aliyemwambia "pasiwaya" hakumdanganya, ila hakumwambia lolote kati ya hayo.

Sisi washairi nasi tuna hasara yetu. Sauti ya Bluetooth hufungwa vipande vipande, hurushwa, kisha hufunguliwa upande wa pili. Kazi hiyo mara nyingi huchukua kati ya milisekunde 100 na 300. Kwa anayesikiliza utenzi uliokwisha kurekodiwa, ucheleweshaji huo si kitu. Kwa anayerekodi shairi huku akijisikiliza, ni balaa. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa usemi wamejua kwamba mtu akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 200, hujikwaa na kugugumiza. Kwa usomaji wa kawaida, muda huo watosha kutamka silabi moja. Maana yake, unafika kwenye kina cha kati huku sikio lingali kwenye mizani ya saba. Anayerekodi ghani na ashike waya wa zamani.

Jina gani, basi? Jina Bluetooth ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Lakabu hiyo ilipopendekezwa mwaka 1997, aliyeipendekeza alitazama kinachounganishwa, si waya uliopotea. Nasi tufanye vivyo hivyo. Napendekeza "waya kipokezi", nomino mbili zilizoambatana kama tulivyoambatanisha askari kanzu na bata mzinga. Jina hilo linakiri kwamba waya ungalipo na kwamba kazi yake ni kupokea. Anayelisikia atauliza: unapokea nini, na nini haupokei? Swali hilo ndilo lingemfikisha kwenye habari ya redio kabla hajatoa fedha. Kwa malenga, lina mizani sita, na kina chake cha "zi" hakimpi mtu taabu.

Watakuwapo watakaosema kwamba majina ya kubuni hayashiki. Kishikwambi nacho wapo waliokicheka, lakini katika Sensa ya mwaka 2022 makarani wa Tanzania walikwenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi. Neno hushika likitumiwa na wanaoshughulika na kitu chenyewe. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wauzaji na wanunuzi kabla ya wanakamusi: liandikeni kwenye boksi, litajeni dukani, na mnaponunua waya kipokezi, msiutupe ule wa zamani. Mwenye jina bora alitoe, mradi lieleze kitu hiki hufanya nini.