Kanyaga Mafuta, Lakini Mafuta Yako Wapi?

Toleo lililopita tuliahidi kwamba safu hii itazungumzia mapishi. Tunaomba radhi, mapishi yatasubiri. Limezuka jambo limetugawa sisi tunaoandika hapa, na kwa kuwa hatukuweza kulimaliza ndani ya basi, tumeona tulilete barazani.

Jumapili moja asubuhi tulikwenda, watu watano, kwenye mkusanyiko wa wenye magari ya spoti katika uwanja nje ya mji. Tulikwenda kwa basi, maana hakuna hata mmoja wetu mwenye gari. Huku mashariki mwa England mikusanyiko ya namna hii si haba, kwa sababu kiwanda cha Lotus kiko hapahapa Norfolk, katika kijiji cha Hethel, kwenye uliokuwa uwanja wa ndege za kijeshi. Kampuni ilihamia hapo mwaka 1966, na ukikaa mkoa huu hukosi kukutana na mtu ambaye baba yake, au mjomba wake, amewahi kufanya kazi pale.

Mzee mmoja alikuwa na Lotus Elise ya kijani. Alituona tunaizungukazunguka, akatuita, akafungua kifuniko cha nyuma kutuonyesha injini, kisha akaiwasha. Watoto waliziba masikio huku wanacheka. Ilikuwa inanguruma kwa namna ya kumfanya mtu asimame wima bila kuambiwa. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida hana habari na magari, alisema, "Sasa nimeelewa."

Hatukukaa sana, watu wakaanza kusogea kando. Nyuma yetu palikuwa na gari jingine la Lotus, jeupe, kubwa, refu wa kimo, na hakuna aliyelisikia likija. Lilikuwa Eletre, gari la umeme. Baadhi ya watu walilisogelea kwa shauku. Wengine walitikisa vichwa, wakarudi kwenye vikombe vyao vya chai. Mwenye gari alikuwa mama wa makamo. Alitueleza kwamba alikuwa na Elise kwa miaka kumi na moja kabla ya kuiuza. Tulipomuuliza kama anaikumbuka, alijibu: "Sauti yake naikumbuka kila siku. Kiti chake sikikumbuki hata kidogo."

Ndani ya basi ndipo moto ulipowaka. Mmoja wetu alisema wale wanaolilia mngurumo wanalilia kelele tu, na debe tupu haliachi kuvuma. Akajibiwa papo hapo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wa tatu, ambaye alikuwa kimya tangu tupande, akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkubwa, ngojeni litie mwendo." Tulicheka, lakini hatukupatana.

Tuanze na upande wa walalamikaji, maana wanadharauliwa bure. Muasisi wa Lotus, Colin Chapman, alijenga jina la kampuni juu ya wazo moja: gari liwe jepesi. Badala ya kuongeza nguvu, punguza uzito, na gari litakata kona vizuri, litasimama haraka, na dereva ataihisi barabara mikononi. Elise ya kwanza, ya mwaka 1996, ilikuwa na kilo zipatazo 725. Eletre ina karibu kilo 2,500. Yaani Eletre moja ni sawa na Elise tatu, na bado kuna baki. Sehemu kubwa ya uzito wa gari la umeme ni betri, na betri huwezi kuikwepa ukitaka gari liende mbali. Kwa hiyo mpenzi wa Lotus anaposema "hii si Lotus", hasemi kwa sababu ya uzee au ukaidi. Anasema jambo linaloweza kupimwa kwa mizani. Aidha, Elise iliundwa Hethel. Eletre inaundwa Wuhan, China, baada ya kampuni kuingia mikononi mwa Geely mwaka 2017.

Sasa tuwasikilize wa upande wa pili. Kwanza, umeme si mgeni katika nyumba hizi za kale. Ferdinand Porsche, ambaye jina lake limekuwa jina la magari ya injini nyuma, alijulikana kwa gari la umeme. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 lilionyeshwa gari alilolibuni akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Lohner ya Vienna, lenye mota ndani ya magurudumu ya mbele. Na huku kwetu Norfolk kuna kisa kinachochekesha zaidi. Gari la kwanza kabisa la Tesla, Roadster ya mwaka 2008, lilitokana na Elise, na bodi zake ziliundwa Hethel. Kwa hiyo anayesema umeme umeivamia Lotus kutoka nje, aambiwe kwamba ulilelewa uani kwake.

Pili, walalamikaji wamewahi kulalamika kabla. Porsche 911 ilipozwa kwa hewa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1997 ilipotoka 911 inayopozwa kwa maji, wapo walioapa kwamba 911 imekufa. Mwaka 2002 kampuni hiyohiyo ikaleta Cayenne, gari la familia lenye kimo kama la shamba, na watu wakasema heshima imekwisha. Leo 911 ya mwaka 1997 ina wapenzi wake, na fedha za Cayenne zimesaidia kuiweka 911 hai. Huenda vilio vya leo navyo vitapoa.

Tatu, kwa kasi hakuna ubishi. Taycan, gari la kwanza la Porsche la umeme mtupu katika zama zetu, lilitoka mwaka 2019, na aina yake ya Turbo S ya wakati huo ilifika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.8. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haingoji injini ipande. Yule mwenzetu wa "kimya kingi" hakukosea.

Lakini angalieni hilo jina: Turbo. Turbo ni kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu za moshi unaotoka. Taycan haina moshi, haina injini ya namna hiyo, na turbo haina. Jina limebaki kama cheo tu. Hapo ndipo tulipoona kwamba hata kampuni zenyewe zina moyo wa namna mbili. Porsche huweka sauti ya kielektroniki unayoweza kuiwasha na kuizima. Dodge ya Marekani imelitengenezea gari lake la umeme, Charger Daytona, chombo maalumu cha kutoa mngurumo kama wa ekzosi. Ferrari, ilipoonyesha mitambo ya gari lake la kwanza la umeme mwezi Oktoba 2025, ilieleza njia nyingine: chombo kinachonasa mtetemo halisi wa mitambo na kuukuza, kama gitaa la umeme linavyokuza mtetemo wa nyuzi. Sisi tuliokuwa tukibishana tulikubaliana hapa kwa mara ya kwanza: kama lazima pawe na sauti, basi afadhali iwe ya kitu kinachotetemeka kweli kuliko ya kaseti.

Wakati huohuo kampuni hizi zinarudi nyuma hatua kadhaa. Lotus ilikuwa imekusudia kuuza magari ya umeme peke yake kufikia mwaka 2028. Mwaka 2024 ikasema itatengeneza pia magari yanayochanganya injini na mota. Ferrari ilipanga umeme uwe asilimia 40 ya aina zake za magari mwaka 2030, ikashusha hadi asilimia 20. Porsche nayo, Septemba 2025, ilitangaza kurudisha injini za mafuta katika mipango ambayo awali ilikuwa ya umeme tu. Wanunuzi wa magari ya kifahari hawakufuata kwa mwendo uliotarajiwa.

Msidhani haya ni mambo ya matajiri tu. Agosti 2025 Lotus ilitangaza kwamba huenda ikapunguza wafanyakazi hadi 550 hapa Uingereza, ikitaja mabadiliko ya ushuru na ya soko. Kwa mkoa kama huu hizo si nambari za gazetini. Ni watu tunaopanga nao foleni dukani. Yule mzee wa Elise hakutuambia lolote kuhusu umeme kuwa mzuri au mbaya. Alituambia tu kwamba mtoto wa jirani yake anangoja barua.

Na kwetu nyumbani je? Wapo mtakaouliza magari haya yanamhusu nini mtu wa Mombasa. Yanamhusu. Kenya inaendesha kushoto kama Uingereza na Japani, na hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limezidi miaka minane. Maana yake ni kwamba kinachouzwa kikiwa kipya huku leo ndicho kitakachoshushwa bandarini Kilindini baada ya miaka michache. Uingereza imeamua kwamba kuanzia mwaka 2030 magari mapya ya petroli na dizeli pekee yasiuzwe, ingawa kampuni ndogo kama McLaren na Aston Martin zimeachiwa nafasi. Siku moja meli zitakuwa zimejaa betri zilizochoka.

Mwenzetu mmoja baba yake ni fundi magari huko Kisauni. Baada ya safari yetu alimpigia simu, sisi tukasikiliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Alimweleza yote, kisha akamuuliza kama ataweza kutengeneza gari la umeme. Mzee alinyamaza kidogo, akasema: "Mimi gari nalisikiliza kwanza. Likikohoa najua, likichemsha najua, hata kabla sijafungua boneti. Sasa lisilosema nitalitibu vipi?"

Tulidhani amemaliza, kumbe bado. Akaendelea kusema kwamba kijana anayemfundisha kazi amekwisha nunua glavu za mpira na mita ya kupimia umeme, kwa sababu magari ya haibridi yameanza kuja gereji na wao walikuwa wanayarudisha. "Yeye asikilize kwa mita, mimi nisikilize kwa sikio. Tutaona nani atakula." Alicheka. Mwanawe hakucheka, na baada ya kukata simu alikaa kimya hadi tulipoachana. Ada yake ya chuo inatoka katika sikio hilo.

Hapa ndipo sisi tulipoacha kubishana kuhusu kelele na debe. Kwa wengi wanaokusanyika uwanjani Jumapili, injini ni furaha. Kwa mzee wa Kisauni ni elimu ya miaka arobaini, iliyokaa katika sikio na vidole. Gari likinyamaza, elimu hiyo nayo inanyamazishwa, na hakuna kampuni iliyoifikiria katika mipango yake. Hatusemi kwa hiyo umeme usije. Mabasi ya umeme yako Nairobi, pikipiki za umeme ziko Kigali na Kampala, na yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya matatu mbovu anajua kwa nini. Tunasema tu kwamba anayehuzunika asichekwe, na kijana wa glavu asaidiwe apate mafunzo kabla meli hazijafika.

Tumalizie na jambo la lugha, maana hiki ni chama cha Kiswahili, si cha mafundi. Sisi tunasema "kanyaga mafuta" tukitaka dereva aongeze mwendo. Tunasema "tia gari moto" na "tia gia". Katika Taycan hakuna mafuta ya kukanyaga wala moto wa kutia. Tutasemaje? "Kanyaga umeme" ni maneno ya kumtisha mtu. Mwalimu wetu mmoja tuliyemuuliza alitukumbusha gari la moshi. Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, haina moshi hata wa sigara, lakini wapo wazee watakaopanda na kusema wamekuja kwa gari la moshi. Na wanaeleweka.

Kiswahili nacho kimewapa wapenzi wa Porsche neno. Mwaka 1978, katika Safari Rally ya Kenya, Porsche 911 iliyoendeshwa na Vic Preston Jr. ilishika nafasi ya pili. Hadi leo wapenzi wa 911 huku Ulaya na Marekani wakiinua gari hilo kimo na kulivisha matairi ya vumbi huliita "Safari". Siku likija la umeme lenye jina hilo, walau jina halitadanganya kama Turbo. Safari ni safari, hata ya kimya.

Tuandikieni: nini kitachukua nafasi ya "kanyaga mafuta"? Majibu mazuri tutayachapa toleo lijalo, pamoja na yale mapishi tuliyoahidi. Kwaherini.