Mali Bila Daftari



Mvuvi wa ngalawa anapofika pwani asubuhi hana la kuficha. Samaki wake humwagwa mbele ya macho ya watu. Mnadi anawanadi, mchuuzi anawapima, Bwana Samaki anaandika, ushuru unakatwa. Akiwa amepata jodari mmoja, kijiji kizima kinajua kuwa ni mmoja. Lakini maili mia moja kutoka pwani hiyo hiyo, meli yenye majokofu ya kubeba mamia ya tani huvua katika maji ya nchi yetu, na ushahidi wa kwanza juu ya ilichovua ni kalamu ya nahodha wake. Twauliza basi: kwa nini maskini ahesabiwe hadharani, na tajiri ajihesabie mwenyewe?

Wapo watakaosema kwamba takwimu za jodari si mambo ya altare. Twawajibu kwamba Amri ya Saba yakataza kuiba na Amri ya Nane yakataza uongo; na katika daftari la meli amri hizo mbili hukutana. Aliyevua tani kumi akaandika sita amesema uongo ili aibe. Haidhuru kwamba aliyeibiwa hakuwapo. Ndiyo maana wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari.

SHERIA IPO

Si kweli kwamba bahari kuu haina sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini mwaka 1982, Tanzania ikauridhia mwaka 1985, nao ukaanza kutumika mwaka 1994. Unaipa nchi ya pwani haki juu ya viumbe wa bahari hadi maili 200 za baharini. Ibara yake ya 62 inairuhusu nchi hiyo kuzidai meli za kigeni zitoe hesabu ya samaki na habari za mahali zilipo, zipokee waangalizi, na hata zishushe samaki katika bandari zake.

Kwa Bahari ya Hindi ipo Tume ya Jodari, yenye makao yake Victoria, Shelisheli. Mkataba wake ulikubaliwa mwaka 1993 ukaanza kazi mwaka 1996, na nchi yetu ikajiunga mwaka 2007. Maazimio yake ya mwaka 2015 yanadai daftari la uvuvi katika kila meli yenye urefu wa mita 24 au zaidi, na hata katika meli fupi zaidi inayovua nje ya maji ya nchi ambayo inapeperusha bendera yake. Yanadai chombo cha kuonyesha kwa njia ya setilaiti mahali meli ilipo. Tena yanazidai nchi wanachama zipeleke takwimu za mwaka uliopita kufikia tarehe 30 Juni.

Upungufu u wapi basi? U katika ushahidi. Azimio la mwaka 2011 liliweka kiwango cha chini cha waangalizi kuwa asilimia 5 tu ya shughuli za uvuvi za meli kubwa. Maana yake, mara 95 katika 100 nyavu au mishipi yaweza kuvutwa pasipo shahidi wa nje. Ni mwenye duka gani kati yenu angekagua mauzo siku tano katika siku mia, halafu akalala usingizi?

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Hatusemi kwa kuwazia mabaya. Mwaka 2006 ukaguzi wa hesabu za masoko ya Japani ulionyesha kwamba jodari wa kusini, ambaye huzalia katika Bahari ya Hindi upande wa kusini wa Java, alikuwa amevuliwa kwa miaka mingi kupita kiasi kilichoripotiwa. Mgao wa Japani ukapunguzwa kutoka tani 6,065 hadi tani 3,000 kuanzia mwaka 2007. Angalieni: uongo huo haukufichuliwa na manowari. Ulifichuliwa na watu waliolinganisha karatasi za baharini na karatasi za sokoni.

Hapa kwetu, mwezi Machi 2009, meli Tawariq 1 ilikamatwa katika maji ya Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Wananchi wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la waziri wa wakati ule. Mahakama Kuu iliwatia watu wawili hatiani mwaka 2012, na Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu hiyo mwaka 2014. Hatuwahukumu waliokwisha kuachiwa na mahakama. Twasema tu kwamba doria ile ilifanyika kwa msaada wa meli ya Afrika Kusini, na kwamba taifa lisiloona baharini kwa macho yake lahitaji zaidi kuona kwa daftari.

Tena hesabu hizi si mapambo ya ofisi. Mwaka 2015 wataalamu walisema jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2016 ukatolewa mpango wa kupunguza uvuvi wake. Mwaka 2024 tathmini mpya ikasema ametoka katika hali hiyo. Hukumu zote mbili zilitegemea takwimu. Daftari likidanganya, mtaalamu hudanganyika, waziri hudanganyika, na mwisho mvuvi wa Kilwa au Mafia, ambaye hakudanganya, ndiye anayerudi na ngalawa tupu.

VISINGIZIO VIWILI

Cha kwanza: "Tukiwabana, wawekezaji watakimbia." Mpangaji anayekimbia kwa sababu ameulizwa amelaza watu wangapi chumbani, hakuja kupanga.

Cha pili: "Sisi ni maskini, hatuna meli za doria." Habari ya Japani imekwisha kukijibu. Upo pia mkataba wa mwaka 2009 juu ya hatua za nchi zenye bandari, ulioanza kutumika mwaka 2016, ambao msingi wake ni kuikatalia bandari meli iliyovua kinyume cha sheria. Kulinganisha daftari, njia ya setilaiti na shehena bandarini kwahitaji karani mwaminifu kuliko mzinga.

Hapo ndipo neno linapotugeukia sisi. Karani huyo aweza kuwa mwanakwaya wetu. Mwangalizi anayepanda melini aweza kuwa kijana tuliyempa Kipaimara. Akipokea bahasha ili aandike alichoambiwa badala ya alichokiona, amewaibia maelfu asiowajua, na maungamo yake yadai fidia. Na nchi zetu za pwani zisijitakase: zinapochelewesha au kukosea hesabu za wavuvi wadogo, Tume hulazimika kukadiria, nasi tunapoteza uso wa kuwadai wengine ukweli.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba mikataba ya bahari ipo, ila yadhoofishwa na ukosefu wa usimamizi na adhabu. Nasi twadai mambo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili na katika mbao za matangazo za vijiji vya pwani, ni meli ngapi zilipewa leseni, ziliripoti tani ngapi, zikalipa kiasi gani. Pili, leseni idai samaki wapimwe katika bandari zetu kila inapowezekana. Tatu, waangalizi waongezwe, walipwe vema na walindwe.

Mungu aliumba bahari kwa ajili ya wote. Atakayetuuliza habari zake hatauliza tu nani aliiba; atauliza pia nani alijua akanyamaza.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika mwalo wetu, ni nani huandika hesabu ya samaki, na je, tunamwamini? Kwa nini?
2. Diwani na mbunge wetu wamewahi kuulizwa juu ya leseni za bahari kuu? Nani atakwenda kuuliza, na lini?
3. Ni daftari gani katika kazi, chama au parokia yetu wenyewe ambalo halisemi kweli?