Nani anakula batri usiku?

Papa mmoja wa Kolwezi, mfanyakazi wa mugodi, ametuandikia barua. Motokari yake inalala mu lupango tangu siku ya tano jioni. Siku ya kwanza asubuhi anageuza ufunguo: tik, tik, kisha kimya. Vijana wa jirani wanaitwa kusukuma. Kwa mwaka mmoja amekwisha kununua batri mbili, na ile ya pili nayo imeanza tabia ya ndugu yake. Sasa mashaka yamemwangukia zamu wa usiku: ya kwamba anaingia mu motokari na kusikiliza radio mpaka kuche. Papa anauliza: nimfukuze?

Papa, mbele ya kumfukuza mtu, pimeni. Radio haiwaki bila ufunguo, na ufunguo, mumeandika ninyi mwenyewe, unalala chini ya mto wenu. (Isipokuwa waliifunga vibaya, tutafika hapo.) Mtoto wa watu asipoteze mkate wake kwa kosa la waya.

Kwanza tujue batri inabeba nini. Ile ya motokari ndogo imeandikwa juu yake Ah 45, ao 60, ao 70. Batri mpya ya Ah 60 inaweza kutoa ampere moja kwa muda wa saa 60, kisha imeisha. Sasa hesabuni pamoja nami. Taa ndogo ya kofri ina wati 5. Kwa batri ya volti 12 inakula karibu ampere 0,4. Tangu siku ya tano saa kumi na mbili ya jioni mpaka siku ya kwanza saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa 60. Inakuwa Ah 24. Batri mpya itaugua lakini itawasha. Batri iliyozeeka, ambayo haishike tena hata nusu ya nguvu zake, siku ya kwanza ni maiti. Na ile taa nani ameiona? Mlango wa kofri umefungwa!

Hata motokari nzima haifunge macho kabisa. Saa na kompyuta yake zinaendelea kunywa kidogo kidogo, kwa kawaida kati ya ampere 0,02 na 0,05. Hiyo si ugonjwa: kwa 0,05 inakula Ah 1,2 kwa siku, na hata juma tatu haifike nusu ya batri ya Ah 60. Ugonjwa ni kile kinachopita hapo.

Kuna jaribio moja lisiloomba feza. Jioni, fungueni waya mweusi, ule wa borni ya −, muuache mbali na batri usiku kucha. Asubuhi murudishe, muwashe. Ikiwaka vizuri, batri haina kosa: ni motokari inayoikula. Ikikataa, batri yenyewe imechoka, ao haikujazwa barabara mbele ya kulala. Saa na stesheni za radio zitapotea, na radio nyingine zinaomba namba ya siri mbele ya kulia tena; muitafute kwanza.

Yule aliye na multimetri atajua zaidi. Batri iliyojaa na kupumzika usiku mzima inaonyesha volti 12,6 ao 12,7. Kwa 12,2 imebaki nusu. Kwa 11,9 imeisha. Kisha washeni motere: motokari nyingi zitaonyesha kati ya 13,8 na 14,5. Ikibaki chini ya 13, musitafute mwizi wa usiku. Alternateri hailishe batri, na hata mukinunua batri ya tatu mutasukuma tena.

Tuseme alternateri ni nzima na batri ni nzima. Sasa ni kuwinda. Vijana mnaopenda mekanika, hapa ni kwenu, lakini papa asimame karibu. Toseni pete na saa ya mkono. Hakuna sigareti: batri inayojazwa inatoa gesi inayolipuka, na maji yake ni asidi inayochoma macho. Fungueni waya mweusi. Waya mwekundu wa multimetri uingie mu tundu la ampere 10; ncha moja iguse ule waya mweusi wa motokari, ncha ya pili iguse borni ya −. Umeme wote unaotoka utapita sasa mu multimetri. Musiguse kontakti hata kidogo! Demareri inaomba ampere zaidi ya mia moja, na kile chombo kitaungua.

Kisha mungoje. Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi. Kwa motokari za siku hizi, kompyuta hazilale mara moja. Namba inaanza juu, nusu saa baadaye inashuka. Mtu asiye na subira anaona ampere mbili, anapiga kelele, anafungua motokari nzima bure. Milango yote ifungwe, ao kile kifungo cha mlango kifinywe kama vile umefungwa, na ufunguo ukae mbali ndani ya nyumba.

Ikibaki juu ya 0,05 kwa mbali, tuseme 0,4 ao 1, anzeni kutosha fizibli, ule uzi mdogo unaokatika pale umeme unapozidi. Moja moja, na kila moja irudi fasi yake mbele ya kutosha ingine. Mwenzako aangalie namba. Mu motokari zilizotoka Japani maandishi ya kifuniko mara nyingine ni ya Kijapani. Chukueni karatasi, muchore kile kisanduku, mutie namba zenu wenyewe. Pale namba inapoanguka, mumemkamata.

Na mara nyingi ni nani? Kwetu, ninaweka kidole kwanza juu ya muziki. Radio inayouzwa sokoni ina waya wa njano, ambao unapata umeme siku zote kwa kulinda kumbukumbu, na waya mwekundu, unaopata umeme wakati wa kontakti tu. Fundi wa kando ya barabara, kwa haraka, anaunga yote miwili pamoja. Radio inalia vizuri, mteja analipa, lakini radio ile hailale tena milele. Vilevile ampli ya baffle kubwa: waya wake wa kuamsha ukifungwa moja kwa moja ku batri, inabaki macho usiku kucha, hata kama hakuna sauti. Gusa ampli asubuhi. Ikiwa na joto, kesi imekwisha.

Tena kuna sisi wenyewe. Umeme wa mtaa ukikatika, motokari inakuwa kituo cha simu. Simu nne si kitu kikubwa, karibu Ah 6 ao 7. Lakini televisheni ya wati 50 kwa saa nne, kupitia kile chombo cha kugeuza umeme, inakula karibu Ah 20. Batri ya kuwashia motere haikufanywa kwa kazi hiyo. Kila mara inapoishiwa na kuachwa hivyo siku nyingi, chumvi ngumu inaganda ndani yake, na nguvu ile hairudi tena.

Mukitosha fizibli zote na namba haianguke, angalieni alternateri. Waya wake mnene haupiti mu fizibli ndogo. Ndani yake kuna diodi zinazoachilia umeme upite upande mmoja tu; moja ikiharibika, umeme unarudi usiku. Ishara yake: motere ni baridi asubuhi, alternateri ina joto. Hapo mupeleke kwa elektrisia wa motokari, pamoja na karatasi yenu ya namba, asianze upya kwa feza yenu.

Kwa papa wa Kolwezi: muulizeni zamu, kwa upole, kama saa nane ya usiku ameona mwangaza mwembamba ku kofri. Ni yeye peke yake anayekaa macho saa ile. Mukipata kosa, batri isirudishwe kazini njaa-njaa; safari ya dakika kumi mpaka sokoni haiwezi kuijaza. Ijazwe polepole usiku mzima ku shajeri, ipumzike saa chache, kisha mupime. Ikifika 12,6 na siku ya pili bado iko hapo, musinunue ingine.